Upande wa Mama

Kondo la nyuma lina pande mbili, na mkunga hufundishwa kuzisoma zote mbili kabla hajavua glavu. Upande wa mtoto unang'aa, una rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, na mishipa imetambaa juu yake kutoka kwenye kitovu kama mizizi ya mti ulioota juu ya mwamba. Upande wa mama ni mwekundu wa maini. Umegawanyika vifungu vifungu, kumi na tano hivi au ishirini, na huo ndio tunaoupangusa damu na kuukagua kifungu kimoja baada ya kingine, tusije tukaacha kipande ndani mama akaanza kuvuja damu usiku.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini nilipoliona kondo ambalo sijalisahau. Mimba ilikuwa imetimia, wiki 39 kwa hesabu ya mama mwenyewe, na alikuwa mmoja wa wachache wanaokumbuka tarehe zao. Mtoto alitoka akilia vizuri. Nilipomweka kwenye mizani ikasoma gramu 1,900. Kichwa chake kilikuwa cha mtoto wa kawaida, lakini mbavu zilihesabika, na ngozi ya mapaja ilikuwa na mikunjo kama nguo aliyoazimwa na kaka yake. Kondo likafuata baada ya dakika kumi. Lilikuwa dogo, lilijaa kwenye kiganja changu kimoja, na upande wa mama ulikuwa na mabaka matatu meupe, makavu, magumu kama ukoko wa ugali. Nikayabonyeza kwa kidole. Hayakubonyea.

Nje ya mlango mama mkwe alikuwa amekwisha kutoa hukumu. "Nilimwambia ale. Huyu msichana alikuwa anachagua chagua chakula." Alisema kwa sauti ya kusikika, na yule mama aliyelala kitandani alisikia, nikaona akigeuza uso ukutani. Nami nilikuwa nimeshika lile kondo mkononi, na sikusema neno. Nilifundishwa kuangalia kama limetoka lote. Hakuna aliyenifundisha kusema kwa nini limetoka hivyo.

Basi nikaanza kusoma. Zamu za usiku zina saa zake za kimya, na simu ilikuwa na bando. Kila swali nililolifuata hadi chini, chini kabisa nilimkuta kima au nyani. Jike, mjamzito, ndani ya maabara.

Sababu yake inaeleweka ukishaijua kazi. Panya hubeba mimba wiki tatu, na watoto wanakuwa wengi tumboni kwa wakati mmoja. Kondoo hubeba siku 147 hivi, na mengi tunayoyajua kuhusu kijusi yametoka kwake, lakini kondo lake ni vishikizo vingi vilivyotawanyika, na tabaka kadhaa hutenganisha damu yake na damu ya mwanawe. Kwa binadamu damu ya mama humwagika moja kwa moja juu ya vijimti vidogo vya kondo na kuviogesha. Kwa kima na nyani pia ni hivyo hivyo. Kima wa resusi wa Asia hubeba mimba siku 165 hivi, mtoto mmoja, na mara nyingi kondo lake ni sahani mbili zilizounganishwa na mishipa. Nyani wetu huyu wa mashambani hubeba miezi sita, na kondo lake ni sahani moja kama letu. (Zile herufi Rh kwenye kadi ya kliniki, ambazo mama wengi huniuliza maana yake, ni za huyo huyo resusi: mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener waliitumia damu yake kugundua kitu ambacho hata leo kinaamua kama mimba ya pili itakuwa salama.)

Mji uliojirudia sana kwenye usomaji wangu ni Baltimore, Marekani. Tangu mwaka 1925 idara ya elimu ya viinitete ya taasisi ya Carnegie ilifuga kima wa resusi huko, wakihesabiwa siku za mimba moja moja. Hapo alifanya kazi daktari aitwaye Elizabeth Ramsey. Yeye alitaka kujua jambo ambalo watu walikuwa wamelibishania muda mrefu: damu ya mama inaingiaje ndani ya kondo na inatokaje? Pamoja na mtaalamu wa eksirei, Martin Donner, walimwingizia kima mjamzito dawa inayoonekana kwenye picha kupitia mshipa wa paja, wakapiga picha mfululizo. Wakaona damu ikiruka ndani ya kondo kama chemchemi, mruko hapa, mruko pale, kila mshipa mdogo ukifungua kwa zamu yake. Ikifika juu inatawanyika, inashuka, na kurudi kwa mama.

Kisha wakaona jambo la pili. Mfuko wa uzazi ulipojikaza, chemchemi zilipungua, nyingine zikazima kabisa. Ulipolegea, zikarudi.

Niliposoma hapo niliiweka simu chini. Kila siku ya kazi yangu nainama na fetoskopu kwenye tumbo la mama, namsubiri uchungu upite, halafu nasikiliza mapigo ya mtoto kwa dakika nzima. Nilifundishwa kusikiliza baada ya uchungu, nikakariri, nikapita mtihani. Sasa nilijua ninachosikiliza. Uchungu ukija, mtoto anabana pumzi. Mwenye akiba ya kutosha kwenye kondo lake anavumilia, na moyo unaendelea kama kawaida. Asiye na akiba, moyo unashuka na kuchelewa kurudi. Kile kipindi cha kimya ninachokisikia sikioni kiliwahi kuonekana kwa macho, ndani ya mwili wa kima ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Kuhusu yule mtoto wa gramu 1,900 mwenye kichwa cha kawaida na mwili uliokonda, jibu nililipata kwenye kazi nyingine ya kima wa resusi, iliyochapishwa mwaka 1971. Watafiti walitumia ule ukweli kwamba kondo lake ni sahani mbili. Walimpasua mama mimba ikiwa imekomaa zaidi ya nusu, wakaifunga mishipa inayopita kati ya sahani ya kwanza na ya pili, wakamshona, na mimba ikaendelea. Kijusi kikabaki kinategemea sahani moja. Kilikua, lakini kikiwa kimedumaa. Mwili unapopungukiwa hivyo haugawi njaa sawasawa. Ubongo hupewa kwanza, ini na misuli na mafuta ya chini ya ngozi hungoja. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo hutoka na kichwa chake kamili na mwili wa kuazima. Kima yule hakunyimwa chakula hata siku moja. Bakuli lilijaa, mama alikula, na mtoto alikonda kwa sababu njia ilikuwa imefungwa.

Laiti ningekuwa na sentensi hiyo usiku ule.

Tena njia inaweza kujifunga yenyewe. Katika miezi ya kwanza, chembe za kondo huingia kwenye mishipa midogo ya mama iliyojipinda kama springi na kuipanua, zikaiondolea misuli, ili isiweze tena kujibana. Mishipa hiyo isipopanuliwa, damu inapita kwa shida na kondo linakufa mabaka mabaka. Presha ya mimba nayo mara nyingi huwa na mzizi hapo hapo. Eugene Albrecht na Gerald Pepe, wakifanya kazi na nyani wajawazito, na hapo tunarudi Baltimore, walionyesha kwamba homoni ya estrojeni ikipandishwa mapema kuliko wakati wake, chembe hizo zinashindwa kuivamia mishipa inavyotakiwa. Yaani baadhi ya mambo haya huamuliwa wiki ambazo mwanamke hajajua vizuri kama ana mimba, wala hajafika kliniki. Hakuna sahani ya githeri inayoweza kuyafikia.

Nyani nimekua nao. Sisi ni watu wa ukanda wa Kibwezi, Kenya, na mtoto wa huku anajua kurusha teo kabla hajajua kusoma. Wakati wa mahindi tulipangiwa zamu za kulinda shamba. Nakumbuka siku moja jike lilitoka kichakani likakaa juu ya jiwe, likitutazama bila haraka. Nilikuwa nimekwisha kuweka jiwe kwenye teo. Baba akanishika mkono. "Huyo ana mimba. Mwache." Nikamuuliza amejuaje, tumbo halionekani. Akanionyesha ngozi ya nyuma, pembeni mwa makalio, ambayo kwa majike wengine ni nyeusi. Yake ilikuwa imegeuka, imeiva, nyekundu inayokaribia waridi.

Baba hakusoma zaidi ya darasa la saba. Miaka mingi baadaye nikaikuta alama hiyo hiyo kwenye maandishi ya watafiti, imeelezwa kama njia ya kutambua mimba ya nyani bila kumgusa. Pamoja nayo wameeleza ule uvimbe wa kila mwezi: hujaa yai linapokaribia kutoka na kunywea siku chache baada ya hapo, hivyo mtu mwenye daftari anaweza kuijua siku ya kutunga mimba kwa tofauti ya siku mbili tatu. Sisi wodini tunapima tumbo kwa futi ya cherehani na kumuuliza mama kama siku zake zilikatika kabla au baada ya Pasaka. Kwa nyani hesabu ni safi. Hiyo ni sababu moja kubwa walimpenda.

Na walimpenda hadi wakamfuata huku. Darajani, kile kituo cha reli kwenye njia ya Mombasa, kilikuwa mahali pa kunasia nyani miaka ya sitini mwanzoni, kwa ajili ya taasisi ya utafiti ya San Antonio, Texas. Kundi kubwa la nyani lililokuwa likizaliana huko Texas lilianzia kwa nyani waliokamatwa Kenya. Mwaka 1971 Andrew Hendrickx alitoa kitabu kizima kuhusu viinitete vya nyani, siku kwa siku, kutokana na kazi ya huko. Nikifikiria hesabu za vizazi, wajukuu na vitukuu vya majirani zetu wa mashambani walizaliwa mahali ambapo baridi, miti na lugha ya watu ni vingine. Watu wa kwetu husema mtu hatoki moja kwa moja mahali kilipozikwa kitovu chake. Nyani hana wa kumzikia. Jike huzaa usiku mara nyingi, na kabla ya mapambazuko huwa amelila kondo lote. Ndiyo maana mwenye kutaka kulipima hana budi kulichukua kwa kisu.

Kazi iliyonikaa moyoni kuliko zote ilifanywa San Antonio na kundi la Peter Nathanielsz. Waliwaweka nyani jike nje, kwa makundi, kama wanavyopenda kuishi. Mara moja kwa siku walifunguliwa njia nyembamba; wakapita mmoja mmoja juu ya mizani, kila mmoja akaingia kwenye kizimba chake, akala peke yake, kisha akarudi kwa wenzake. Hivyo ilijulikana kwa gramu nani kala nini. Kuanzia siku ya 30 ya mimba, baadhi walikula hadi kushiba. Wengine walipewa asilimia 70 ya kile walichokula wenzao kulingana na uzito. Hawakuachwa kufa njaa. Walipunguziwa chini kidogo ya theluthi moja, kama vile mtu anavyoruka chakula cha mchana kila siku.

Katikati ya mimba vijusi vya pande zote mbili vilitolewa na kupimwa. Uzito ulikuwa sawa. Mkunga yeyote angesema watoto wanaendelea vizuri. Lakini figo hazikuwa sawa: ujenzi wake ulikwishaanza kubaki nyuma. Na figo za binadamu, kama za nyani, hujengewa vichujio vyake tumboni. Mtoto akishazaliwa kwa wakati, idadi aliyotoka nayo ndiyo atakayokwenda nayo maisha yote. Mimba ilipokaribia mwisho ndipo vijusi vya waliopunguziwa vikaonekana vidogo, na makondo yao pia. Baadhi ya mimba ziliachwa hadi watoto wakazaliwa na kukua, na walipofika umri wa miaka mitano sita, ujana wa nyani, mioyo yao ilikuwa na dalili za uzee.

Najua jinsi matokeo hayo yanavyoweza kusomwa. Mama mkwe wa usiku ule angeyashika kwa mikono miwili: si mnaona, ni chakula! Kwa hiyo naomba yasomwe taratibu. Aliyepunguza chakula hakuwa yule nyani. Alikuwa mwenye ufunguo wa kizimba.

Kwetu mvua zilikosa kunyesha misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020. Niliwaona wajawazito kliniki, nikawauliza jana walikula nini, na mara nyingi jibu lilianza na watu wengine. Niliwapikia watoto. Baba yao alikula akaenda kazini. Wewe je, mama? Mimi nilikunywa chai. Mwanamke hupakua mwisho, na mwaka wa njaa mwisho wa sufuria ni maji. Huwezi kuniambia huyo anachagua chagua chakula. Tena kwa mizani yangu na futi yangu, katikati ya mimba hakuna nitakachoona. Tumbo litapimika vizuri, nitaandika "sawa" kwenye kijitabu, na figo zitakuwa zimeshapunjwa. Hilo ndilo linaloniuma katika ule utafiti: linanihusu mimi, kalamu yangu na neno "sawa".

Nimejiuliza sana kama nina haki ya kuyatumia niliyoyasoma. Vijusi vile vilitolewa kwa upasuaji, mama akiwa chini ya dawa ya usingizi, na vyenyewe havikuamka. Mama alishonwa, akapona, akarudi kwenye kundi. Kuna siku nilimwangalia jike pembeni mwa barabara kuu akimbeba mtoto wake aliyekufa, amemshika mkono mmoja, mwili umekauka kama tambara, naye hamwachi. Watu wanaoishi na nyani wanajua hubeba hivyo siku nyingi. Sitaki kusikia mtu akisema wanyama hawa "walijitolea" kwa ajili ya sayansi. Wanawake wangu wanatia sahihi kabla ya upasuaji, asiyejua kusoma namsomea na anabonyeza kidole gumba. Nyani hakuulizwa. Walichukuliwa, na tunaokula matunda ya kuchukuliwa kwao tulitamke neno hilo kama lilivyo.

Hata hivyo sisemi kazi ile isingefanywa. Ningekuwa mwongo, masikio yangu na mikono yangu inaitumia kila zamu. Nilifunzwa Pwani, ambako tuliwapa wajawazito vidonge vya SP na kuwaambia ni kinga ya malaria, kwa sababu vimelea hupenda kujificha ndani ya kondo hata damu ya kidole ikionekana safi. Huko Karen, Nairobi, ndani ya msitu wa Oloolua, kwenye taasisi ya utafiti wa nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 kule Tigoni, watafiti wa Kenya wamewaambukiza nyani wajawazito malaria ya kima ili walione kondo likishambuliwa. Wamefanya hivyo kwa sababu huwezi kumfanyia mwanamke wa Kilifi. Nakubali sababu hiyo. Ninachokataa ni elimu iliyonunuliwa kwa bei hiyo kuishia kwenye majarida ya kulipia, huku mlangoni mwa wodi mwanamke anaendelea kuambiwa hakula.

Sasa nalionyesha kondo. Nikishalikagua naliweka kwenye beseni safi, namuuliza mama kama angependa kuona, na wengi hukubali. Naligeuza upande wa mtoto kwanza, kwa sababu ni mzuri na hautishi. Kisha upande wa mama.

Mwezi uliopita alijifungua binti wa miaka kumi na tisa, mtoto gramu 2,100, mimba imetimia. Mama yake mzazi alikuwa naye, mwanamke wa rika la mama yangu. Kondo lilikuwa na baka moja, pembeni, la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Nikamwambia yule nyanya, "Mama, njoo uguse hapa." Akavaa glavu niliyompa, akagusa, akarudisha mkono.

"Pamekauka."

"Pamekauka tangu zamani. Hapa damu haikufika. Chakula alichokula binti yako kilifika hadi hapa, kikakosa njia."

Alinyamaza kidogo. Binti alikuwa ameinua kichwa kwenye mto anatusikiliza. Nikawaeleza habari za kima mwenye sahani mbili, kwa kifupi, na jinsi mishipa ilivyofungwa, na mtoto alivyokua na kichwa chake kamili. Binti akamtazama mwanawe, akapitisha kidole kwenye paji la uso.

"Na yule wa kima, sista? Alimlea?"

"Hapana," nikamwambia. "Alitolewa ili apimwe."

Hakusema kitu. Alimfunika mtoto vizuri na leso, akamsogeza kifuani. Nyanya akaniuliza kama wanaweza kupewa kondo wakazike nyumbani, baba ya mtoto yuko njiani na pikipiki. Nikamwambia inawezekana, kuna fomu ya kutia sahihi. Nikalifunga mara mbili, nikaandika jina la mama juu yake.